Rafu ya Kugawa Chumba Yenye Kiwambo cha Lubugo: Je, Inastahili Bei Yake?

Watazamaji wapendwa, karibuni tena. Nyuma yangu ipo rafu ambayo wengi wenu mliniulizia tangu ilipoonekana kwa muda mfupi katika video iliyopita, nami nimekuwa na hamu ya kuizungumzia kuliko bidhaa nyingine yoyote ya nyumbani. Ni rafu ya kugawa chumba, kazi ya mafundi seremala wa Nsambya hapa Kampala, na inatufaa hasa sisi tunaopanga muzigo, yaani nyumba ya chumba kimoja, ambamo kitanda, kochi, jiko na masanduku yote hukaa ndani ya kuta nne zilezile. Urefu wake na idadi ya mbao zake mnaviona wenyewe, kwa hiyo sitavisoma. Ninachotaka mkiangalie ni hiki kiwambo.

Ndugu mpiga picha, sogea karibu tafadhali. Fremu hii imewambwa lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti wa mutuba, na kwenye miimo ya rafu fundi amechonga mifuo ambayo kiwambo kinapita ndani yake. Tazameni: nakishika kwa mikono miwili, nakiinua kidogo, kinatoka chote bila bisibisi wala nyundo. Sasa nakitia katika nafasi ya chini, na papo hapo mabeseni, sufuria na viatu havionekani tena kutoka mlangoni. Mgeni akiondoka nakirudisha juu, usawa wa kitanda, ili anayelala asionwe na aliyeketi. Nakirudia tena polepole, kwa maana hapa ndipo ilipo thamani ya rafu nzima: chumba kimoja kinabadilika kufuatana na saa za siku, na nafasi zinazobaki wazi zinapitisha hewa na mwanga, jambo la lazima pale ambapo dirisha ni moja tu.

Tuzime taa kubwa. Nyuma ya kiwambo nimeweka balbu ndogo ya LED, isiyotoa joto kali, kwa sababu lubugo ni gome kavu na mshumaa haufai kabisa kukaa karibu nalo. Mnaona rangi ile ya udongo uliochomwa, na nyuzi za gome zinavyotawanyika, na pale pembeni kiraka ambacho mtengenezaji alikishona kuziba tundu? Kiraka hicho ninakipenda kuliko pambo lolote la dukani, maana katika muzigo wa jirani hamtakikuta.

Gome hilo huvunwa majira ya mvua, kisha hupondwa kwa nyundo za mbao za aina mbalimbali mpaka lilainike na kutanuka, na mti wenyewe hauangushwi, bali hufungwa kwa majani ya mgomba hadi uote gome jipya. UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005, ingawa mafundi wake walikwisha kupungukiwa na wateja tangu karne ya 19, pale misafara ya Waarabu ilipoleta nguo za pamba. Wala wazo la kugawa nyumba kwa lubugo halikubuniwa Nsambya: katika makaburi ya Makabaka, wafalme wa Buganda, huko Kasubi, pazia la lubugo ndilo lililotenga sehemu takatifu na sehemu ya wageni ndani ya nyumba kuu, ile iliyoungua mwaka 2010.

Kwa sababu hiyo hiyo, niwatahadharishe. Lubugo hutumika pia kuwasitiri marehemu, na jaja mmoja, mzee jirani yangu, alipoingia alisimama mlangoni akauliza ni nani aliyefariki. Nilimweleza kwa heshima, akacheka, lakini hakuketi upande ule. Kama mnaishi na wazee, zungumzeni nao kwanza. Ukindu uliosukwa unaweza kuwambwa katika fremu ileile.

Tuje kwenye washindani. Pazia la kitambaa ni rahisi mno, na mwenye fedha kidogo asione haya kulitumia, ila halibebi kitabu wala picha ya familia. Rafu za vumbi la mbao lililogandamizwa, zile zinazong'aa madukani, zinapendeza mpaka mvua za Machi zianze. Zikinyonya unyevu huvimba pembeni na parafujo hulegea, na hazirekebishiki.

Hata hivyo, rafu hii niliyoisifu ina kasoro inayoniudhi kila asubuhi: haina miguu. Ubao wa chini unalala moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji, na sisi tunapiga deki kila siku, kwa hiyo maji yanapenya chini yake na vumbi halifikiki kwa ufagio. Seremala anayejua maisha ya muzigo angewezaje kulisahau jambo hilo? Nilipomrudia aliongeza miguu ya sentimita 10 kwa shilingi 40,000, juu ya 480,000 nilizokwisha kumlipa, na hapo ndipo furaha yangu ilipopungua. Kwa bei hiyo miguu ilipaswa kuwemo tangu mwanzo. Tena rafu haifunguliki vipande, nasi wapangaji huhama mara kwa mara. Boda boda hataibeba, mtalazimika kukodi pikapu. Ningeipa alama za juu bila kusita kama si mambo hayo mawili, na bado siirudishi.

Video ijayo itahusu mikeka na vikapu vya kupanga juu ya mbao hizi, kwa hiyo mlioomba mada hiyo jisajilini. Jina la karakana sitalitaja, kwa kuwa mafundi wengi wa barabara ya Ggaba wanaweza kuichonga. Simamisheni video hapa, mfuo unapoonekana vizuri, mwonyesheni fundi wenu, mpeni vipimo vya mlango wenu, na bei ya miguu ipatanishwe kabla msumeno haujagusa mbao.