RTX 3060 ya 12GB kwa Kuhariri Video: Inapobeba na Inapokwama

Kadi hii ya michoro ya NVIDIA ilitoka Februari 2021, na wacheza gemu wengi wameshahamia kwingine. Wahariri wa video bado wanaiulizia, na sababu yao ya maana ni moja tu: kumbukumbu yake ya 12GB. Kasi ni ya wastani na vizazi viwili vimeshaipita, ila kazi inayoziangusha kadi za 8GB hii huimaliza. Polepole, lakini huimaliza.

Tuanze na hesabu. Fremu moja ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani karibu milioni 8.3. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, hufanya kazi ya rangi kwa namba za desimali za biti 32. Ukihesabu chaneli nne, kila pikseli inakula baiti 16, na fremu nzima inafika MB 133. Hapo ukubwa wa faili kwenye diski hauhusiki tena: klipu ya simu ya MB 50 na klipu ya kamera ya GB 5, zikishafunguliwa kwenye taimlaini ya 4K, fremu zake zina uzito uleule. Sasa washa kichujio cha kuondoa chenga (kimo kwenye toleo la kulipia tu) na ukipe fremu 5 za nyuma na 5 za mbele za kulinganisha. Ni fremu 11, karibu GB 1.5, kabla programu haijatengeneza nakala zake za kufanyia kazi. Weka klipu ya pili juu yake, ongeza kinyago kinachomfuata mtu anayetembea, na 8GB inaanza kubana. Programu inakuambia kumbukumbu ya GPU, yaani ya kadi, imejaa, na ujumbe huo unaweza kukujia katikati ya kutoa faili la mwisho, wakati taimlaini ilikuwa inacheza bila shida. Kwenye 12GB nafasi ipo ya kutosha kwa kazi nyingi za 4K. Kwa 6K au 8K yenye vichujio vizito, haitoshi.

Angalizo kabla ya kulipa: RTX 3060 ziko mbili. Mwishoni mwa 2022 ilitoka ya 8GB yenye jina lilelile, na haikupunguzwa kumbukumbu peke yake. Njia ya kumbukumbu ilishuka kutoka biti 192 hadi 128, na kasi ya kupitisha data kutoka GB 360 kwa sekunde hadi 240. Usiamini boksi. Fungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, na usome upana wa njia hiyo. Ukiona 128, irudishe.

Tatizo kubwa la kadi hii liko kwingine kabisa, kwenye kufungua video iliyobanwa. Ndani ya chipu kuna sehemu ndogo isiyo na kazi nyingine zaidi ya hiyo. Kwenye 3060 sehemu hiyo inafungua mifumo ya kubana video ya H.264 ya biti 8, HEVC ya biti 8 na 10, pamoja na AV1, mradi rangi zimehifadhiwa kwa mpangilio wa 4:2:0, yaani taarifa za rangi zimepunguzwa hadi robo. Simu zinarekodi hivyo, na droni nyingi pia, kwa hiyo mtu wa kazi hizo hatakuwa na la kulalamika. Kamera za kisasa za kubadilisha lenzi hupenda 4:2:2 (rangi hubaki nusu) ya biti 10 kwa ajili ya kurekebisha rangi, na hiyo 3060 haiigusi. Cha kuchekesha ni kwamba HEVC ya 4:4:4, isiyopunguza rangi kabisa na iliyo nzito zaidi, inaifungua. Ni kama fundi cherehani anayeweza suti lakini shati limemshinda.

Dalili zake ni rahisi kuzitambua. Cheza taimlaini huku Task Manager iko wazi, kisha tazama grafu ya kadi iliyoandikwa Video Decode. Ikiwa imelala sifuri wakati prosesa iko asilimia 90 na zaidi na picha inaruka, basi kadi haishiriki. Prosesa inafungua kila fremu peke yake. Wengi wakifika hapa huilaumu kadi na kununua kubwa zaidi. Hela inapotea, kwa sababu RTX 4090 nayo haifungui 4:2:2. Uwezo huo NVIDIA waliuleta na familia ya RTX 50, mwaka 2025.

Dawa ya bei ndogo ni kuoanisha 3060 na prosesa ya Intel yenye michoro ya ndani (chipu ya picha iliyo ndani ya prosesa yenyewe), kizazi cha 11 kwenda juu, maana hizo zinafungua HEVC ya 4:2:2 biti 10. Core i5-12400 inatosha kuanzia. Ila soma jina lote: 12400F haina michoro ya ndani, na kile kiasi kidogo ulichookoa dukani utakilipa kwa picha inayoruka kila siku. Ryzen ya AMD ni prosesa nzuri kwa mambo mengine, lakini kwa faili za 4:2:2 michoro yake ya ndani haisaidii.

Kuwa na prosesa hiyo bado si mwisho. Ukishachomeka kadi, mbao mama nyingi huzima michoro ya ndani zenyewe. Ingia BIOS, tafuta mpangilio wa michoro ya ndani (mara nyingi umeandikwa iGPU Multi-Monitor) na uuwashe. Skrini iendelee kuchomekwa kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Ukirudi Windows, hakikisha vifaa vyote viwili vinaonekana kwenye Device Manager na kwamba draiva ya Intel imewekwa. Kisha ndani ya Resolve Studio au Premiere Pro, nenda kwenye mipangilio ya kufungua video, uweke alama kwa Intel na kwa NVIDIA, ufunge programu na kuiwasha upya. Cheza tena klipu ileile. Safari hii grafu ya Video Decode inayopanda ni ile ya michoro ya Intel, na mzigo wa prosesa unashuka.

Kuna mtego hapa ambao maelezo mengi huuruka. Si kila 4:2:2 ni HEVC. Sony A7 IV, kwa mfano, ina XAVC HS ambayo ni HEVC, na XAVC S ambayo ni H.264. H.264 ya 4:2:2 biti 10 Intel za kizazi cha 11 hadi 14 haziifungui, na 3060 haiifungui, kwa hiyo mzigo unarudi kwa prosesa hata kama umefuata hatua zote. Panasonic GH5 iko kwenye kundi hilohilo kwa 4K yake ya 4:2:2. Kamera ikikupa uchaguzi, rekodi HEVC. Isipokupa, tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi ya kuhariria: ya mfumo wa DNxHR LB, 1920 kwa 1080, inacheza kwa ulaini hata kwenye mashine ya kawaida, kwa sababu kila fremu inajitegemea na haisubiri zilizotangulia. Hakikisha proksi ina idadi ileile ya fremu kwa sekunde na nyimbo zilezile za sauti kama faili mama. Zikitofautiana, kuunganisha kutakataa, au sauti itatangulia picha.

Kwenye kutoa faili la mwisho hakuna mengi ya kusema. H.264 na HEVC, hata HEVC ya biti 10, zinatoka haraka. AV1 haitoki, kadi hii inaifungua lakini haiwezi kuitengeneza. Ukibana sana, tuseme 1080p kwa megabiti 4 kwa sekunde, prosesa itakupa picha safi zaidi kuliko kadi. Kwa 4K ya megabiti 40 na kuendelea, kuitafuta tofauti hiyo ni kujichosha.

Vinavyoizunguka: RAM ya 32GB, vipande viwili vya 16 badala ya kimoja cha 32, ili njia zote mbili za RAM zifanye kazi. Pawa saplai ya wati 550 ndiyo NVIDIA wanayopendekeza. Kadi yenyewe inakula wati 170. Kuhusu diski watu hutishana bure. Klipu ya megabiti 100 inahitaji MB 12.5 kwa sekunde, na klipu tatu kwa pamoja hazifiki MB 40. Diski ya kuzunguka hukwama kwa sababu sindano yake inaruka huku na huku kati ya faili tatu, kwa hiyo SSD yoyote ya NVMe ya wastani inatosha. Mambo hubadilika ukihamia ProRes 422 HQ, mfumo wa Apple unaobana kidogo tu: 4K ya fremu 25 ni megabiti 737, karibu MB 92 kwa sekunde kwa kila klipu, na saa moja inakula zaidi ya GB 330. Hapo kinachokutesa ni nafasi.

Je, ichukuliwe hii au nyingine? RTX 4060 inakula wati 115 tu na inatengeneza AV1, lakini ina 8GB. Kwa mhariri ni kurudi nyuma. RTX 5060 inafungua 4:2:2 zote mbili, H.264 na HEVC, ila nayo ni 8GB. Mrithi halisi ni RTX 5060 Ti ya 16GB. Tena kuwa macho, maana hiyo nayo ina ndugu wa 8GB mwenye jina lilelile. Kama kazi yako ni 4:2:2 ya H.264 kila siku na hutaki proksi, nenda huko moja kwa moja. Kama ni simu, droni na HEVC, 3060 pamoja na Intel yenye michoro ya ndani inatosha.

Nyingi zinazouzwa sasa ni mtumba, na baadhi zilichimba sarafu za kidijitali usiku na mchana. Kabla ya kununua, ibebeshe mzigo kamili kwa dakika 20 na uangalie GPU-Z. Joto la chipu na joto la sehemu yake iliyo moto zaidi yakipishana kwa zaidi ya nyuzi 20 hivi, pasta imekauka. Hiyo inatengenezeka, na ni sababu nzuri ya kuomba punguzo. Feni ikinguruma au kugonga, beringi zimeisha. Kwenye skrini, vimraba vya rangi au mistari isiyotulia mzigo unapopanda ni ishara kwamba kumbukumbu inakufa, na kadi ya namna hiyo usiichukue hata kwa bei ya kutupa. Mwisho, hakikisha imekaa kwenye nafasi ya juu ya ubao mama na GPU-Z inasoma x16 (njia 16 za data) ikiwa na mzigo. Nafasi ya pili, hata ikiwa na urefu uleule, kwenye mbao nyingi ni x4.