Kisomeo changu kilifia sura ya 61, na muuza duka akaisoma kwa sauti

Mistari saba ya juu ndiyo iliyobaki kwenye kisomeo changu, ndivyo ninavyokiita kile kishikwambi cha kusomea vitabu tu. Chini yake skrini yote ni michirizi, kama mtu kaburuza kitana kwenye wino mbichi. Na hiyo mistari haifutiki. Nimebonyeza kitufe cha kuwashia mpaka kidole kikauma, nimeacha chaji iishe kabisa, bado ipo. Kumbe skrini hizi za wino wa kielektroniki ndivyo zilivyo: zinakula umeme pale tu unapogeuza ukurasa, na ukurasa ukishakaa umekaa, hata betri ife. Kwa juu huoni mkwaruzo. Kilichopasuka ni kioo cha ndani, chembamba.

Hiyo mistari saba ndiyo iliyonifanya niandike haya, maana ndiyo aliyoisoma yule kijana wa dukani.

Nafundisha sekondari, naishi Tukuyu. Anayeijua Tukuyu wakati wa kipupwe anajua kwamba saa tatu usiku hakuna cha kukaa sebuleni. Unajifunika mablanketi mawili na shuka la kimasai juu yake, unabakiza pua na mkono mmoja. Hapo ndipo ninaposoma. Nasoma hadithi za mashabiki, zile ambazo watu wanaandika wenyewe kuendeleza tamthilia waliyoipenda. Nilikuwa nafuatilia moja, wakamuua kijana mmoja kwenye kipande cha mwisho bila sababu ya maana, nikalia kama nimefiwa. Baadaye nikakuta mtu, sijui hata yuko nchi gani, ameandika sura 64 za kukikataa kile kifo. Sura 64, bure! Zipo Archive of Our Own, tovuti iliyofunguliwa mwaka 2009, inayoendeshwa kwa michango, haina tangazo hata moja, na mwaka 2019 ilipewa tuzo ya Hugo, ile wanayopewa waandishi wa hadithi za kisayansi. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanadhani ni mambo ya wasichana wasio na kazi.

Kwenye simu nilikuwa nateseka. Mwanga unakupiga machoni, mzee wa nyumba anageukia ukutani akiguna, na pale mtu anapofumba macho mikononi mwa mwenzake, kundi la wazazi wa kidato cha pili linaleta ujumbe wa michango ya mahafali.

Ndipo nikapata mgao wangu wa kikoba, nikanunua hicho kisomeo. Nitakuwa muongo nikisema sikukipenda. Taa zake ziko pembeni mwa skrini, zinamulika ukurasa badala ya kukumulika wewe. Ni chepesi, hakifiki robo kilo, mkono mmoja unatosha. Mchana nikiwa na bando nashusha hadithi nzima kwa EPUB, aina ya faili la vitabu, usiku umeme ukatike, mtandao ukatike, mimi naendelea. (EPUB jamani, achaneni na PDF. PDF ukikuza herufi ukurasa unakimbilia nje ya skrini, utakuwa unausukuma huku na huku mpaka usingizi upae. Na kama hadithi bado inaandikwa, ujue faili uliloshusha haliongezeki lenyewe. Sura mpya ikitoka unashusha upya.) Baridi ikizidi kurasa zinageuka kwa uvivu kidogo, kwa sababu ndani mle ni chembe nyeusi na nyeupe zinazoelea kwenye kimiminika, na kimiminika kikipoa kinakuwa kizito. Nilikuwa nakiingiza kwanza chini ya blanketi dakika chache kama kifaranga, kinachangamka.

Usiku ule nilifika sura ya 61, nikapitiwa na usingizi. Asubuhi nikakikuta chini ya mto. Sikukidondosha, sikukimwagia maji. Chini ya mto tu.

Nilipanda Coaster mpaka Mbeya, kilomita kama 70, nikashuka Mwanjelwa na risiti mkononi. Duka silitaji. Waliniambia kwa midomo yao siku ninanunua: waranti miezi sita, dada, ukiwa na shida njoo wakati wowote. Nilikuwa ndani ya miezi hiyo.

"Umekilalia hiki," yule kijana akasema hata kabla sijamaliza kueleza.

"Sijakilalia. Kilikuwa chini ya mto."

Hakunijibu. Alikiinua kuelekea mlangoni kwenye mwanga, akaanza kusoma. Kwanza kwa Kiingereza, taratibu, halafu akawatafsiria waliokuwemo. Dukani tulikuwa kama watu sita. "Akapiga magoti, akamvua soksi, akaishika miguu yake kwa mikono miwili..." Akanyamaza, akanitazama. "Duh, madam! Kumbe ndiyo mnayosoma usiku?"

Mmoja aliyekuwa anachagua kava za simu akasema, "Endelea kaka."

"Imekatikia hapo, patamu!"

Wakacheka. Nimesimama darasani mbele ya watoto themanini kwa miaka mingi, sijawahi kukosa neno. Siku ile nilikosa.

Maana alichokisoma si anachokijua. Yule kijana kwenye hadithi ametoka kifungoni, nyayo zimechanika, ametembea usiku kucha. Aliyepiga magoti ni rafiki yake, na sura 61 nzima hawajaweza kutazamana usoni kwa sababu kila mmoja anadhani ndiye aliyemponza mwenzake. Sasa amechemsha maji, anamwosha miguu, hajasema kitu. Ndiyo mistari saba hiyo. Nimeisubiri sura 61, halafu mtu anaining'iniza mlangoni kwake kama nguo ya mtumba!

Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyekuja kununua chaja. "Mwanangu, mrudishie mwenzio kitu chake. Barua ya mtu unaisomaje dukani?" Kijana akakiweka juu ya kaunta. Nikamwambia yule mama ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, na machozi yalikuwa yameshafika.

Waranti? Alisema haihusu skrini. Kwenye risiti hakuna neno hilo popote, nimeisoma mara nne ndani ya gari wakati narudi.

Kwa hiyo nilipanga niandike kwamba msinunue vitu hivi, ni vidhaifu, pesa ya kikoba itawapotea. Na kwa mtu anayesoma kitandani ni kweli ni vidhaifu, huo ni ukweli ambao muuzaji alitakiwa kuniambia, kwa sababu nilimwambia wazi kwamba ni cha kusomea kitandani. Kava gumu angeniuzia siku hiyohiyo. Hakusema.

Ila sura tatu zilizobaki nimezimalizia kwenye simu, na haikuwa hadithi ileile. Nilisoma huku kichwa kinagonga, jicho moja kwenye chaji. Alipozungumza mara ya kwanza baada ya kuoshwa miguu, ukaingia ujumbe wa mtu anauza mchele wa Kyela. Nikaitupa simu miguuni.

Kwa hiyo nitanunua kingine. Ndiyo, baada ya yote haya. Safari hii nataka chenye vitufe vya kugeuzia ukurasa pembeni, kwa sababu kile cha kugusa kilinilazimu kuvua glovu kila ukurasa, na kidole kikishakuwa barafu hata raha ya hadithi inapungua. Nataka kava gumu linalofunika skrini yote, na kabla sijafumba macho kinakwenda kwenye stuli, hata kama mtu yuko katikati ya kufa. Na nataka muuzaji aniandikie waranti kwa kalamu, inahusu nini na haihusu nini. Ikibidi nipande basi mpaka Iringa nitapanda. Pale Mwanjelwa kuna maduka mengine na watu wema, najua, lakini ule mtaa kwa sasa siuwezi.

Kile cha zamani kipo kabatini, nimekifunga kwenye kitenge. Mzee wa nyumba ananiambia nikitupe. Juzi nimekifungua: hakina chaji miezi sasa, na mistari ni ileile saba, bado amepiga magoti, ameishika miguu.