Mafunzo ya kanuni za droni za mizigo, Tudor: ramani ya Mombasa na makabrasha ya ugenini

Kwa Jumamosi tatu mfululizo nilihudhuria mafunzo mafupi kuhusu kanuni za kuendesha biashara ya kusafirisha mizigo kwa droni, yanayotolewa na kampuni ya ushauri iliyo ghorofani mtaani Tudor. Ada ni shilingi 18,500, na kwa kuwa nawajua wafanyabiashara wenzangu kadhaa hapa Mombasa wanaotaka kuzitoa, nimeona ni haki waelezwe watakachopata na watakachokosa.

Kilichonipeleka huko ni feri. Mimi husambaza dawa kutoka Kisiwani hadi kwenye zahanati na maduka ya dawa ya Likoni na Mtongwe, na mara nyingi kijisanduku cha insulini kisichofika kilo mbili hukaa kwenye foleni ya kuvuka huku barafu ikiyeyuka, ilhali mkondo wenyewe ni wa nusu kilomita hivi. Nilikuwa nimesikia kwamba kampuni ya Zipline ilianza kupeleka damu hospitalini kwa droni nchini Rwanda mwaka 2016, na kwamba sasa inafanya kazi hata huku kwetu, upande wa Kisumu. Nikajiuliza kwa nini isiwezekane Likoni.

Somo la kwanza lilinijibu, na kwa hilo peke yake siijutii ada yangu. Mwalimu, ambaye aliwahi kufanya kazi katika mnara wa kuongozea ndege, hakuanza na vifungu vya sheria bali alitutandazia ramani ya Mombasa, akampa kila mmoja bikari, na akatutaka tuisimamishe ncha yake kwenye Uwanja wa Ndege wa Moi kisha tuchore duara la kilomita 10, kwa kuwa ndani ya umbali huo wa uwanja mkubwa hakuna anayeruhusiwa kurusha droni bila idhini maalumu. Duara langu lilimeza Changamwe, Bandari ya Kilindini, Mtongwe yenye kambi ya jeshi la wanamaji, Likoni, na karibu Kisiwa chote. Nyali iliponea pembeni, na Mtwapa ikabaki mbali kabisa. Njia yangu ya dawa ilikuwa ndani ya duara kuanzia mlangoni pangu hadi mlango wa mteja wa mwisho. Idhini inaweza kuombwa, mwalimu alisisitiza, lakini mwombaji ataitwa aeleze droni yake itakuwa wapi kila ndege inapotua na kuruka, nani atazungumza na mnara, na nini kitatokea mawasiliano yakikatika juu ya mkondo.

Somo la pili lilihusu karatasi, nalo lilipangwa vizuri. Kanuni zinazotumika Kenya ni zile za mwaka 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na kosa la kwanza la wengi ni kununua droni ng'ambo kabla ya kupata kibali cha kuiingiza nchini. Baada ya kibali huja usajili wa droni yenyewe, leseni ya rubani wake, cheti cha uendeshaji cha kampuni, na bima ya kuwafidia watu wengine watakaodhurika. Wenzangu wawili walikuwa wakiamini kwamba leseni ya rubani inatosha kuanza kutoza nauli ya mizigo. Mwalimu aliwafafanulia kwa mfano wa matatu: dereva anaweza kuwa na leseni safi kabisa, lakini gari lisilo na kibali cha kubeba abiria haliruhusiwi kuwapakia. Leseni ni ya mtu, cheti ni cha biashara, na cheti hakitolewi bila kitabu cha mwongozo kinachoeleza jinsi kampuni itakavyorusha, itakavyotunza vyombo na itakavyoripoti ajali.

Ningependa wangekaa zaidi kwenye suala la mita 50. Droni haipaswi kupita futi 400 kutoka ardhini, wala kusogea chini ya mita 50 karibu na watu au majengo yasiyohusika na shughuli hiyo, na kwa kawaida rubani anatakiwa aione kwa macho yake muda wote. Kwa mpiga picha wa harusi hayo ni masharti ya kuvumilika. Kwa msafirishaji ndiyo kiini cha biashara, kwa sababu mzigo hauna maana usipomfikia mtu, na mteja wa maana huwa mbali na upeo wa macho. Nilitaka tujadili njia za kulitatua hilo, kama vile kiwanja cha zahanati kilichozungushiwa ua, au kifurushi kushushwa kwa mwavuli kama inavyofanyika Rwanda, lakini tulipewa dakika kumi tu.

Lawama yangu kubwa ni kwa makabrasha. Kurasa nyingi zimenakiliwa kutoka kanuni za Marekani bila kusema hivyo: rubani wa miaka 16, uzito wa jumla usiozidi pauni 55, na cheti kiitwacho Part 135 ambacho huko hutakiwa kwa anayebeba mizigo ya watu kwa malipo nje ya upeo wa macho. Ni mambo ya kweli kwa Marekani, ambako Wing ilikuwa kampuni ya kwanza ya droni kukipata, mwaka 2019. Kenya rubani lazima awe ametimiza miaka 18, na mwenzetu mmoja alikuwa tayari amemwahidi kijana wake wa kidato cha tatu kazi hiyo. Nilipouliza, mwalimu alisahihisha papo hapo kwa unyenyekevu, lakini anayesoma nyumbani peke yake hana wa kumuuliza. Kampuni inayotoza ada hii inapaswa kuandika upya makabrasha hayo.

Vilevile hakuna lolote lililosemwa kuhusu Bodi ya Famasia na Sumu, ingawa nusu ya darasa tulikuwa watu wa dawa, wala kuhusu kamera za droni na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Anayetaka kujua kama mpango wake unawezekana kabla hajanunua chochote, naye yuko tayari kuuliza maswali, ninamshauri aende, na akose vyote asikose Jumamosi ya kwanza. Anayetafuta kitabu cha kujazia maombi yake asubiri. Mimi sasa naandaa maombi ya njia nyingine, kutoka Mtwapa kuelekea Kikambala, na ramani yenye duara nimeibandika ukutani dukani.