Maporomoko ya Isiukhu, Msitu wa Kakamega: chukua mwongozaji, na utoke asubuhi

Nianze na picha, maana ndiyo iliyonigharimu shilingi 2,000. Kuna mtu anayetangaza safari za wikendi kutoka Kisumu. Kwenye tangazo lake la Kakamega alikuwa ameweka maporomoko marefu ajabu, maji yanaruka jabalini na kupotelea kwenye ukungu huko chini. Nikatuma arbuni. Binamu yangu anayefanya kazi Nyahururu alipoiona picha ile alinipigia simu saa hiyo hiyo: hayo ni ya Thomson, yako huku kwetu, yana zaidi ya mita 70. Arbuni yangu sijarudishiwa hadi leo.

Safari sikuivunja. Nilikuwa nimeshamwahidi mama, mwenye miaka 68, aliyezaliwa upande wa Shinyalu. Utotoni aliokota kuni pembeni mwa msitu huu, lakini Isiukhu hakuwahi kuifikia. Tukaenda wenyewe: matatu hadi Kakamega mjini, nyingine ya kuelekea Webuye, tukashuka njia panda ya Buyangu na kumalizia kwa boda. Buyangu ni upande wa kaskazini, hifadhi ya taifa tangu 1985, chini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Kiingilio unalipa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, noti hazipokelewi. Lipa ukiwa bado mjini. Tulilala kwenye vibanda vya humo humo, na chakula tulikibeba kutoka nyumbani.

Alfajiri ndiyo iliyonilipa kila kitu. Kabla hakujapambazuka vizuri, mbega mmoja alianza kunguruma, sauti nzito kama pikipiki inayokataa kuwaka, kisha akajibiwa na mwingine ng'ambo, na mwingine, hadi msitu mzima ukawa unanguruma. Mama alikuwa ameketi kitandani na leso yake mabegani. Akasema, "Hawa ndio waliokuwa wakituamsha twende kisimani." Hakuongeza neno, nami sikumwuliza.

Mwongozaji alikuja saa moja, kijana wa maeneo hayo. Alimsalimu mama kwa Kiluhya, "Mulembe, Kukhu," yaani amani, nyanya, akamtafutia fimbo, akapunguza mwendo bila kuambiwa. Ninamsifu kwa moyo wote. Peke yetu tungepita chini ya hondohondo tusimwone. Yeye alisimama akatuambia tusikilize mabawa, na kweli, ndege akiruka unasikia hewa inakatwa fuu, fuu, fuu. Alituonyesha mti wa tini ulioota juu ya mti mwingine na kuteremsha mizizi hadi ukamkaba mwenyeji wake akafa. Sasa katikati ni tundu tupu unaloweza kuingiza mkono. Alitueleza pia kwamba msitu huu ni mabaki ya ule wa Kongo, ambao zamani ulifika hadi huku, ndiyo sababu kuna ndege na nyoka wasiopatikana kwingine Kenya. Mama alikuwa na yake ya kumfundisha: miti aliyoitambua kwa kunusa gome, na ile ambayo nyanya yake alichemsha kwa homa.

Siafu. Vaa soksi ndefu na uingize suruali ndani yake. Mimi nilisimama kupiga picha juu ya msafara wao bila kujua, na nilikuja kuwatoa mmoja mmoja nyuma ya kichaka, meno yamebaki kwenye ngozi.

Sasa maporomoko yenyewe. Si marefu, na anayekuja kutafuta urefu aende Nyahururu. Isiukhu ni mto unaoshuka juu ya mwamba mpana, maji yakigawanyika na kukutana tena chini. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, kwa hiyo yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa na yalivuma mpaka tukawa tunazungumza kwa mikono. Kwenye tope la ukingoni walikuwa vipepeo labda arubaini, weupe na wa kijani, wamekaa wamekunja mabawa wakinyonya chumvi. Mama aliinama polepole akaweka kidole kati yao. Mmoja akapanda, akatembea hadi kwenye pete yake, akakunjua ulimi mwembamba kama uzi wa cherehani na kuanza kulamba jasho. Mimi ni fundi wa nguo, uzi naujua. Sijawahi kuona mwembamba hivyo. Tulikaa pale karibu saa nzima.

Usichelewe kurudi. Kakamega mvua hupenda kuja alasiri, na ilitukuta saa nane tukishuka kilima cha Buyangu. Ila kilima usikiache. Juu yake unaona msitu wote umelala chini yako, na mashariki ukuta wa milima ya Nandi. Mama aliuliza Shinyalu iko wapi. Kijana akamshika bega, akamgeuza kusini, akanyoosha fimbo. Mama alitazama huko muda mrefu, mpaka matone ya kwanza yakaanza.

Desemba tunarudi, safari hii upande wa Isecheno, kusini mwa msitu, karibu na kwao mama. Yule kijana nimeshampigia.