Flashi ya Godox TT685 kwa harusi za usiku

Taa za hema zikififishwa, lenzi ya DSLR (kamera yenye kioo ndani) huenda mbele na nyuma bila kushika fokasi. Flashi hii hutupa mwanga mwekundu wa kuisaidia kamera, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Lakini tumia fokasi ya picha moja, One Shot kwa Canon au AF-S kwa Nikon, na pointi ya fokasi ya katikati; ukifuatilia wacheza densi kwa fokasi endelevu, mwanga huo hauwaki. Kamera nyingi zisizo na kioo haziutumii kabisa.

Tia betri 4 za AA za kuchaji, za NiMH. Betri za kawaida za alkalini huchelewa kuijaza flashi, keki ikakatwa gizani.

Ukinunua Luthuli Avenue, Nairobi, angalia herufi ya mwisho ya jina la flashi: C ni Canon, N ni Nikon, S ni Sony.