Notisi ya kumtoa mpangaji wa duka: ajenti nyota moja, mpeleka notisi nyota nne

Naanza na bei maana najua ndio mnayotafuta. Ajenti alinikata 6,000, mpeleka notisi alichukua 2,500 na hapo nauli na kiapo cha kwamba ameipeleka vimo ndani. Yule wa 6,000 ndie alienipotezea miezi mitatu na akanigombanisha na mtu nnaemheshimu.

Mambo yenyewe ni hivi. Marehemu baba alituachia jengo hapa Majengo, Mombasa, chini maduka matatu juu tunakaa wenyewe. Duka la pembeni ni hoteli, ami mmoja yuko hapo tangu mimi niko shule ya msingi, asubuhi chai mahamri na mbaazi, mchana wali, na kodi hajawahi kuchelewesha hata siku moja. Mimi nataka kufungua duka la dawa hapo, nimesomea na laisensi ninayo, so nikamwendea ajenti mmoja wa nyumba wa mjini (jina simtaji) nikamwambia nataka nafasi yangu lakini sitaki fujo, huyu mzee ndie alieshika jeneza la baba. Akanambia usijali dada, hiyo kazi ya siku moja.

Na kweli ilikua ya siku moja. Alienda saiba akaprinti barua yenye maandishi mekundu juu, ATI uhame kabla ya tarehe 31 Machi, na hiyo ni tarehe mosi Machi, usiku akaibandika kwa shata ya hoteli, akapiga picha akanitumia WhatsApp, "kazi imekwisha". Sasa nyinyi mnaojua shata za kukunja mshaelewa. Ami anafungua baada ya swala ya alfajiri bado kiza, shata ikipanda ile karatasi inakunjika nayo inaingia juu, mchana kutwa haionekani, usiku inashuka kiza tena. Baada ya siku tatu ikatoka vipande vipande. Mimi sina habari, wiki mbili nampita pale uso chini kwa aibu, yeye ananisalimia vizuri tu na kunifungia mahamri mawili nimpelekee mama, najiambia mashallah mzee ana moyo, ameipokea notisi kwa imani. Kumbe hajaiona!

Ajenti alituma pia ile picha kwa nambari ya simu aliyodhani ni ya ami, ikawa ya mpwa wake alieko Malindi. Tiki mbili za buluu, kwake huo ndio ushahidi. Tarehe 31 akaja na vijana wawili na kufuli mpya. Ami akatoka na mwiko mkononi akaniuliza mimi, sio wao, "Notisi gani, mwanangu?" Sikua na jibu wallahi. Nikawaambia wale watu waondoke na kufuli lao.

Siku nne baadae ikaja oda ya traibyuno, yaani baraza la kuamua kesi, hii inayoshughulikia kodi za maduka, kwamba nisimguse ami mpaka kesi isikizwe. Alieileta ni kijana mmoja mpole ana begi la plastiki, akaniuliza jina langu kamili, akanionyesha karatasi, akaniomba nisaini nakala yake, akaandika na saa juu yake. Dakika tano hazikufika. Nikamuangalia nikamuuliza, kaka, wewe unafanyia nani kazi? Akacheka, "yeyote anaelipa, dada, mimi ni mpeleka samansi" (zile barua za kuitwa kortini). Ndio huyo nnaempa nyota nne, nilimjua kwa kuwa alinipelekea mimi kwanza lol.

Wakili nilieenda kumuona alisoma ile barua ya ajenti kama dakika moja akasema iondoe uanze upya. Nilivyoelewa mimi ni hivi. Maduka, hoteli na sehemu za vyakula Kenya ziko na sheria yake, Sura 301, ya tangu 1965. Mimi nilikua nadhani kwa vile ami na baba hawakuandikiana mkataba basi ami hana pa kushika, kumbe ni kinyume kabisa, kukosa maandishi ndio kunamuingiza ndani ya ulinzi wa hiyo sheria (na hata ukiwa na mkataba wa maandishi, ukiwa hauzidi miaka 5 bado umo). Kwa hivyo barua ya saiba haisimami hata uipige rangi gani. Kuna fomu maalum, inaitwa Fomu A, lazima useme sababu na iwe mojawapo ya zile sheria inazozikubali, mfano mpangaji ana malimbikizo ya miezi miwili, au unataka kubomoa ujenge, au kama mimi, unataka kulitumia duka mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka. Na muda ni miezi 2 kwenda mbele, sio mmoja. Alafu mpangaji ana mwezi mmoja wa kukujibu kwa maandishi anakubali au hakubali, na akienda traibyuno kabla ya ile tarehe kufika basi notisi yako inalala mpaka waamue.

Hapo ndio nikamtafuta yule kijana. Nimejaza Fomu A mwenyewe, tarehe ya kuhama nimeweka 1 Agosti, nikamkabidhi tarehe 5 Juni nikidhani namaliza. Akaisoma akanirudishia. "Hii sipeleki." Mimi nimekasirika, nimeandika tangu mwisho wa Mei bana! Akasema dada miezi miwili haihesabiwi toka ulipoandika, inahesabiwa toka ami alipoishika, leo tano, Agosti mosi haitoshi, atakurudisha kule kule. Nikabadilisha ikawa 1 Septemba. Mtu ambae angechukua 2,500 zangu akaenda zake amekataa pesa kwa ajili ya siku chache, hiyo peke yake ni nyota mbili.

Kuipeleka kwenyewe nilisimama ngazini nikaona yote. Alienda saa nne asubuhi, wateja wa chai wamepungua. Pale kaunta alikua mpwa wa kike, akamuuliza mwanzo una miaka mingapi, maana sheria inakubali umpe mwenyewe mkononi, au mtu mzima wa familia yake, au mfanyakazi wa pale pale, au uitume kwa barua ya rejista posta kwenye anwani yake ya mwisho. Shata haimo kwenye orodha. Binti akasema kumi na sita, basi akakaa akaagiza chai, akasubiri. Ami akatoka jikoni, akajifuta mikono, akasomewa yote kwa Kiswahili taratibu, akauliza maswali mawili, akasaini. Nakala yangu ina doa la mafuta ya mahamri pembeni mwa saini.

Wengine mtaniuliza mbona samansi za korti siku hizi zinatumwa kwa WhatsApp. Ni kweli, kanuni za kesi za madai zilibadilishwa 2020 zikaruhusu, lakini hiyo ni samansi na hii ni notisi ya Sura 301, njia zake ni hizo nilizotaja. Na nyumba za kuishi ni habari nyengine: analipa kwa mwezi, notisi isipungue mwezi na iishie siku ya kulipa kodi, hiyo ni Sheria ya Ardhi ya 2012, na vile vyumba vya kodi ya 2,500 kushuka chini vina sheria na traibyuno yake. Kung'oa mlango au kukata maji sio notisi, msinipigie simu kuniuliza hilo.

Ami alijibu kwa mkono wake wiki ya tatu, anakubali ila anaomba Septemba yote akamalize kutengeneza pahali pake pya Kongowea. Nimempa, na tumeandikiana safari hii. Mahamri yamerudi pia ingawa sasa analeta binti, yeye hapandi ngazi.

Nyota moja nimempunguzia mpeleka notisi kwa sababu alichelewa saa nzima, na kwenye kiapo chake cha kwanza jina langu alikosea herufi mbili ikabidi arudi kwa kamishna wa viapo akaape upya. Hakunitoza. Ajenti nimemuomba nusu ya pesa zangu tangu Aprili, anasoma tu, tiki mbili za buluu.