Sedani ya kati kwa milioni 25: nimenunua Mark X, lakini namba moja naipa Premio

Miezi saba sasa, kila asubuhi nafungua geti huku Goba na kuwasha Mark X ya mwaka 2011. Nyeupe ile ya lulu, ndani nyeusi, injini ya lita 2.5 yenye silinda sita. Kabla yake nilikuwa na GX110, ile Mark II ambayo Dar nzima inaiita Grande, kwa hiyo ukoo huu si mgeni kwangu. Bajeti ilikuwa milioni 25 na sikutaka kuvuka hata kwa laki. Nilizunguka yadi na kwa watu binafsi wiki sita, nikaendesha karibu kila sedani ya kati inayopatikana kwa hela hiyo. Mpangilio huu umetoka kwenye mizunguko ile, na kwenye miezi saba ya kujaza mafuta kwa hela yangu mwenyewe.

Niseme mapema usije ukanilaumu: gari nililonunua nimeliweka namba mbili.

Namba moja: Toyota Premio au Allion 1.8, umbo jipya

Najua, Premio ni gari la mwalimu mkuu. Hakuna kijana aliyewahi kupunguza mwendo barabarani ili aitazame vizuri. Na kwa vipimo vya Wajapani wenyewe si gari la kati hasa, maana upana wake ni milimita 1,695, umekatwa makusudi usifike mita 1.70 ambako kule kwao gari linapanda daraja. Lakini hapa kwetu tunainunua, tunaiuza na kuiheshimu kama gari la kati, na mtu mzima wa kilo mia anakaa nyuma bila kulalamika.

Umbo jipya ninalosema ni la kuanzia 2007 hadi uzalishaji ulipokoma Machi 2021. Allion ni pacha wake, tofauti ni sura na urembo wa ndani, hivyo ukiikuta nzuri usiiache kwa sababu ya jina. Usisome beji ya kwenye buti, beji inabandikwa kwa gundi. Soma namba ya chesisi: ZRT260 ni 1.8, NZT260 ni 1.5, ZRT261 ni 2.0. Umbo la zamani, la 2001 hadi 2007, lina mitego. Lile la 2.0 lenye maandishi ya D4 ni jeuri kwa mafuta machafu, na la 1.8 la injini ya 1ZZ lina sifa ya kunywa oili kadiri umri unavyosogea. La 1.5 peke yake ndilo ningeligusa.

Kwa nini namba moja? Hesabu. Kutoka Goba hadi Posta na kurudi nazunguka kama kilomita 50. Mark X kwenye foleni inanipa kilomita 7 kwa lita, nikipata 8 ni siku ya sikukuu. Premio 1.8 ya shemeji yangu mkubwa, njia hiyohiyo, inampa 11. Weka lita kwenye shilingi 3,000, kwa siku 22 za kazi tofauti yetu ni karibu laki moja na elfu sabini kila mwezi. Hiyo ni kodi ya chumba kwa mtu fulani. EWURA wakitangaza bei mpya za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, yeye hasikilizi. Mimi nasikiliza.

Halafu spea. Chochote cha Premio unachokitaka kipo Kariakoo, kipo Ilala, na fundi wa chini ya mwembe anakijua. Ila mwambie fundi huyohuyo jambo moja: giaboksi yake ni ya CVT, otomatiki ya mkanda isiyo na gia za kuhesabika, inataka oili ya CVT. Wapo wanaomimina ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, kwa sababu ndiyo iliyopo kwenye dumu, na giaboksi inakufa kimyakimya. Siku ya kununua, endesha ukiwa na gari lenye joto, dakika ishirini hivi, kisha simama kwenye mlima uondoke taratibu. Likitetemeka kama lina homa, rudisha ufunguo.

Kasoro yake kubwa ni uchovu wa roho. Ukikanyaga kupanda mlima Kitonga, injini inapiga kelele juu ya mlio mmoja na gari linafuata kwa wakati wake.

Namba mbili: Toyota Mark X 2.5

Kizazi cha kwanza, GRX120, kilianza mwishoni mwa 2004. Cha pili, GRX130, kilitoka Oktoba 2009 na kuendelea hadi Desemba 2019, ndipo jina likazikwa. Chukua cha pili ukiweza. Injini ni ileile 4GR, lakini cha pili walikirekebisha kitumie petroli ya kawaida, nguvu za farasi zikashuka kidogo kutoka 215 hadi 203. Kwa mafuta yetu haya, nguvu 12 ulizopoteza ni bei ndogo. Kwenye chesisi ukiona GRX135 ujue ni ya kuvuta magurudumu manne. Kuna shafti za mbele za kutunza na inakunywa zaidi, na kwa lami ya Dar sioni kazi yake. GRX133 ni ya 3.5. Hiyo waachie wenye visima.

Raha yake siwezi kuieleza kwa takwimu. Nimeipeleka Dodoma mara mbili. Ukishavuka Chalinze, barabara ikifunguka, unabonyeza kidogo tu na giaboksi ya gia sita inashuka moja, na lori lililokuwa mbele yako liko kwenye kioo cha nyuma. Usukani mwepesi lakini hauchezi, maana magurudumu ya mbele yana kazi moja tu, ya kukata kona, kusukuma kunafanywa na ya nyuma. Kwenye safari hiyo ilinipa kilomita 12 kwa lita. Shida ni kwamba 80 na 110 ndani ya kabati lile zinasikika sawa. Pale kwenye kijiji kimoja baada ya Gairo nilipigwa tochi nikiwa kwenye 71, mwenyewe nikidhani niko hamsini. Trafiki alinionyesha picha, akatabasamu. "Mzee, hizi gari zenu hizi." Elfu thelathini.

Sasa uchungu. Kwanza, gari liko chini, na mwezi wa kwanza nililipitisha juu ya tuta moja la mtaani kwetu, lile lililomwagwa zege na wananchi wenyewe, nikasikia krrrr ambayo hata mke wangu ndani ya nyumba aliisikia. Kava la chini la injini lilining'inia upande mmoja. Kosa langu, nililipanda moja kwa moja wakati tuta lile linataka gari likae mshazari. Gari lilikuja na rimu za inchi 18 na tairi 235/45. Nikabadili nikaweka inchi 16 na tairi 215/60, kipimo ambacho Mark X za kawaida zilitoka nacho kiwandani. Gari halijainuka, maana kipenyo cha tairi ni karibu kilekile, lakini ubavu wa mpira umetoka sentimeta kumi na nusu hadi karibu kumi na tatu. Kwenye barabara ya vumbi tofauti unaisikia mgongoni. Vijana wa mtaani wanasema nimelizeesha.

Pili, injini hii inamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa hiyo valvu za kuingiza hewa hazioshwi na petroli, masizi yanajenga nyuma yake taratibu. Dalili ni mtetemo mdogo likiwa limesimama, na kukosa nguvu pale unapoanza kukanyaga. Fundi mzuri anafungua manifoldi na kusafisha. Hiyo ni kazi ya siku nzima, iweke kwenye hesabu kabla hujalipa.

Kuhusu kuichagua, nitakueleza ya kwanza niliyoikataa. Ilikuwa yadi, sitaitaja, Mark X ya fedha imeoshwa mpaka inaakisi bendera za lango. Odometa: 62,000. Dalali akanifungulia mlango, "Kaka, hii aliendesha bibi Mjapani kwenda sokoni." Nikainama kutazama chini. Mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika mistari yote, kona ya kulia imekuwa laini kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Ngozi ya usukani upande wa saa tatu inang'aa. Bibi gani huyo wa sokoni? Nikaomba karatasi ya mnada ya Japani, nikaambiwa imebaki ofisini, na ofisi iko Mombasa. Nikashukuru nikaondoka.

Niliyonunua ilikuwa ya mama mmoja mtumishi wa umma, Tabata, namba ya usajili ya D, kilomita 128,000 zisizojificha. Alinitolea bahasha ya risiti za oili tangu alipolitoa bandarini. Nilipomuuliza kwa nini anauza akasema, "Mwanangu, mafuta." Ningepaswa kusikiliza vizuri.

Namba tatu: Toyota Crown 2.5

Ile ya 2008 hadi 2012, Royal au Athlete. Injini ni ileile ya Mark X, kwa hiyo masizi na kiu ni vilevile, ila mwili umeongezwa: urefu milimita 4,870 dhidi ya 4,730. Sentimeta 14 hizo utazikumbuka siku ya kugeuza ndani ya Kariakoo. Kama unabebwa nyuma, hakuna gari kwenye orodha hii linaloikaribia kwa utulivu. Kama unaendesha mwenyewe, inakufanya uonekane dereva wa mtu. Nimeishusha chini ya Mark X kwa sababu vitu vyake vya ndani na taa ni ghali zaidi zikiharibika, na hela ileile inakununulia Crown iliyochoka zaidi.

Namba nne: Subaru Legacy B4

Ni gari zuri kwa mtu mwenye fundi wa Subaru. Soma sentensi hiyo mara mbili. Injini imelala, silinda zinatazamana kushoto na kulia, na hata kubadili plagi kunataka mkono unaojua njia. Za injini ya EJ zina mkanda wa taimingi, unabadilishwa kila kilomita 100,000, na muuzaji akikuambia umeshabadilishwa mwombe risiti, bila risiti hesabu haujabadilishwa. Kuanzia 2012 Legacy ya 2.5 ilipewa injini ya FB yenye mnyororo, hiyo ndiyo ya kutafuta. Kwenye tope la masika hakuna sedani nyingine hapa inayoikaribia, kwa sababu inavuta miguu yote minne.

Tano ni Mazda Atenza ya 2012 kuendelea. Kwa sura inashinda zote. Chukua ya petroli. Ya dizeli ina nguvu tamu sana, lakini chujio lake la masizi linahitaji mwendo mrefu ili lijichome na kujisafisha, na maisha ya Mwenge hadi Posta kwa saa moja na nusu hayalipatii nafasi hiyo.

Sita, Nissan Teana J32. Viti vyake ni sofa, na baadhi kiti cha abiria wa mbele kina kiegemeo cha miguu kinachonyanyuka. Mke wangu alikaa humo akasema tusiangalie tena gari lingine. Bei ya kununua ilikuwa chini kuliko zote nilizoziona kwa umri ule. Ni kwa sababu siku ya kuuza utakaa nayo sana, na spea za V6 yake inabidi uzisake.

Wanaoniuliza Benz C-Class kwa milioni 25: ipo. Milioni nyingine za kuishi nayo unazo?

Kama unaagiza mwenyewe badala ya kununua hapa, piga hesabu ya kodi za TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujapenda picha. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT 18, halafu ushuru wa bidhaa unategemea injini: Premio isiyozidi cc 2,000 ni asilimia 5, Mark X na Crown ni 10. Juu yake kuna adhabu ya uzee: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, likizidi 10 linaongezewa 30. Ndiyo maana mimi nilinunua la mkononi. Ndugu zetu wa Kenya hawaruhusiwi kabisa kuingiza lililozidi miaka 8.

Shemeji yangu mdogo naye kapata mkopo wa kazini, anataka gari kabla ya Desemba. Nimemtafutia ZRT260 mbili, moja Kimara, moja Mbezi Beach, na tumepanga Jumamosi asubuhi. Ameuliza tunaenda na usafiri gani. Nikamwambia tutaenda na Mark X. Kimya kidogo kwenye simu, kisha: "Sawa shem, ila kurudi naendesha mimi."